Mdogo wangu kaalikwa Phi Sigma Pi huko Marekani, ni chama gani hiki?

Dada_Igoma
Wadau, habari za jioni. Mdogo wangu wa kike kamaliza muhula wa kwanza chuo kimoja Pennsylvania, sasa kaalikwa Phi Sigma Pi. Wanajiita udugu wa heshima, wake kwa waume. Mama kasikia herufi za Kigiriki na kiapo, anasema hao ni frimasoni. Na ada itatoka kwenye biashara ya dagaa soko la Mwaloni. Ni nini hasa, wanataka vigezo gani, na mtoto anaweza kuumia wapi?

Mzee wa Capri Point
Mama atulie. Kilianzia chuo cha walimu Warrensburg, Missouri, 1916. Nguzo zake ni taaluma, uongozi na udugu. Herufi za Kigiriki ni mazoea ya vyama vya wanafunzi kule tangu Phi Beta Kappa ya 1776, hazihusiani na dini yoyote.

Kuhusu wasichana: sheria ya elimu ya 1972 ilipiga marufuku ubaguzi wa jinsia vyuoni, baadaye vyama vya kijamii vikasamehewa, vya taaluma havikusamehewa, ndiyo maana wasichana wamo. Ndani wote huitwana "Brother", hata wasichana. Sisi wenye "ndugu" hatuna shida hiyo.

Malimbe_Hesabu
Kigezo kikubwa ni GPA (wastani wa alama) ya 3.0, na hiyo ni kati ya 4, siyo kati ya 5 kama vyuo vyetu. Wengi hukwama hapa. A ni pointi 4, B ni 3, C ni 2, unazidisha kwa krediti, yaani uzito wa somo. Mfano, masomo matano, krediti 15:

A ya krediti 3 = 12
B ya krediti 4 = 12
B ya krediti 3 = 9
C ya krediti 3 = 6
A ya krediti 2 = 8

Jumla 47, gawa kwa 15, unapata 3.13. Sasa ile B ya krediti 4 ikishuka kuwa C, jumla inakuwa 43, GPA 2.87. Somo moja tu limemtoa.

Dada_Igoma
Duh. Ana C ya kemia, krediti 4.

Malimbe_Hesabu
Basi apige hesabu na matokeo yake halisi kabla ya kulipa hata senti.

Kamanga Feri
Akipita hapo, kuna wiki za uanagenzi: kuwahoji wanachama mmoja mmoja, kujifunza historia ya chama, vikao vya jioni. Hatari ni vikigongana na mitihani ya katikati ya muhula, mtu akaona bora aache somo moja apumue. Mwenye viza ya F-1, ile ya wanafunzi, asithubutu. Shahada ya kwanza lazima abaki na krediti 12. Akishuka bila kibali cha ofisi ya wanafunzi wa kigeni, amevunja masharti ya viza, na chama hakitamwokoa.

Ada aombe mchanganuo kwa maandishi: ya kuingia mara moja ni ngapi, ya kila muhula ni ngapi, nguo na safari zimo au hazimo. Mwaliko ukija kwa barua pepe tupu na kiungo cha kulipia, aulize kwanza ofisi ya maisha ya wanafunzi kama tawi hilo limesajiliwa chuoni.

Na wakimfanya njuka, kumnywesha pombe au kumnyima usingizi, aripoti chuoni siku hiyohiyo. Huko hilo ni kosa, si utani.

Dada_Igoma
Asanteni. Nampigia usiku huu, kwao bado ni mchana.