Harmattan huja kila mwaka, kwa nini sisi abiria wa Kano tunafichwa taarifa?

Ndugu zangu, naandika kutoka Kano, kaskazini mwa Nigeria, nikiwa na hasira, na hasira yenyewe si juu ya upepo.

Kwa wasioujua, harmattan, ambao Wahausa huuita hunturu, huvuma kutoka kaskazini-mashariki kati ya mwisho wa Novemba na katikati ya Machi, yaani karibu miezi ileile ya kaskazi yetu ya pwani, ila huu umepita Sahara na hauna unyevu wa bahari hata chembe. Midomo hupasuka hadi ikavuja damu, nguo huanuliwa zikiwa na rangi ya udongo, na vumbi hupenya hata ndani ya kabati lililofungwa. Sehemu kubwa ya vumbi hilo hutoka Bodélé nchini Chad, bonde lililokuwa sakafu ya ziwa kubwa lililokauka, nalo ni laini kiasi kwamba huning'inia hewani kama ukungu.

Hayo tumeyazoea. Nisichoweza kukikubali ni jinsi shirika moja la ndege lilivyotutendea wiki iliyopita. Mwanangu wa miaka sita ana pumu, na tulikuwa tunampeleka Lagos kwa daktari wake kwa ndege ya saa mbili asubuhi. Tulipofika uwanjani saa kumi na mbili, taa za maegesho zilikuwa hazionekani kutoka lango la kuingilia. Hata hivyo, mizigo ilipimwa, tukapewa pasi za kupandia, kisha tukaambiwa tusubiri kidogo, na hiyo "kidogo" ikaendelea hadi saa tisa alasiri katika ukumbi ambao milango yake iliachwa wazi, mtoto akikohoa na kuvuta dawa yake mara kwa mara, bila mfanyakazi hata mmoja kusimama mbele yetu na kusema kwamba safari haipo.

Simlaumu rubani. Mwonekano ukishuka chini ya mita 1,000, sitaki mtu yeyote ajaribu kutua, na ningemshukuru anayekataa. Lakini vumbi la Bodélé huchukua takriban siku nzima kufika Kano, na idara ya hali ya hewa ya Nigeria, NiMet, hutangaza utabiri wa vumbi kabla halijafika. Walijua tangu jana yake. Ujumbe mmoja wa simu usiku ule ungemwacha mwanangu kitandani, madirisha yakiwa yamefungwa na kitambaa chenye maji kikiwa kimetundikwa chumbani.

Kilichonikera zaidi ni kwamba tulipoomba kubadilishiwa tarehe tulitakiwa kulipa nyongeza, eti hali ya hewa si kosa lao. Basi ni kosa la nani kuuza tiketi za alfajiri mwezi Januari bila kumwonya mnunuzi?

Kama kuna aliyewahi kurudishiwa nauli katika hali kama hii, naomba anieleze alifuata njia gani. Miadi mipya ya daktari ni Alhamisi, na vumbi bado halijatulia.