Madaftari ya Mwalimu: gumzo la wazazi wa kwaya ya watoto, Mwanga, Kigoma

Katibu, Alhamisi, saa 12:35 asubuhi
Mwakeye nyote, wazazi na walezi. Tangu jana jioni nimeandika mara mbili, ujumbe umesomwa na watu 38, na aliyejibu ni Mama Mweka Hazina peke yake, kwa hiyo narudia. Jumamosi iliyopita Mwalimu alifungua sanduku lake mbele ya watoto, akakuta mchwa wamepanda kutoka sakafuni na kuyala madaftari mawili ya chini. Yamebaki 9. Nyimbo ambazo watoto wetu wanaimba, na ambazo baadhi yetu tuliziimba tungali na meno ya utoto, zimo humo kwa mwandiko wake wa solfa, yaani sauti zilizoandikwa kwa herufi, d ikiwa do, na hakuna nakala nyingine popote. Mvua za Novemba zinakaribia, na nyumba yake mnaijua. Naomba Jumamosi hii twende watu watatu tukayachukue na kuyanakili, kisha tuamue nani ataongoza baada yake, kwa kuwa alitamka mwenyewe kwamba huu ni mwaka wake wa mwisho.

Mama Mweka Hazina, saa 12:50 asubuhi
Niliunga mkono jana na leo naunga mkono tena. Fedha iliyopo haitoshi hata kununua karatasi, na hesabu ya ile safari ya Tabora mnaifahamu.

Mjomba wa Stesheni, saa 1:05 asubuhi
Katibu, usiwalaumu sana hao mchwa. Wamekwisha kula sauti ya kwanza na ya pili, sasa tutege sikio sakafuni tuone kama wao wanaweza kuingia kwa pamoja, maana sisi siku ya mahafali ilitushinda.

Mama wa Bangwe, saa 1:08 asubuhi
Mjomba, umenichekesha hadi maandazi yameungua. Waambie waimbe besi, huko ndiko tuna upungufu.

Shangazi wa Kibirizi, saa 1:09 asubuhi
Na malkia wao ashike kinanda.

Katibu, saa 1:20 asubuhi
Nawaheshimu watani wangu, lakini naomba tubaki kwenye jambo. Kuna aliyeniandikia pembeni kwamba tupige picha kwa simu, tumpelekee mchapaji, tumalize. Mwaka juzi tulifanya hivyo kwa ukurasa mmoja tu. Mchapaji hakuiona alama ndogo iliyo juu ya herufi d, ile inayoeleza kwamba do hiyo ni ya juu, na watoto wakateremka oktavo nzima, yaani kutoka do ya juu hadi do ya chini, katikati ya ubeti mbele ya wageni. Katika solfa, nukta mbili zinazotenga mapigo, kistari kinachoamuru sauti ishikiliwe, na alama hizo ndogo za juu na za chini ni muziki kamili kama herufi zenyewe. Kwenye karatasi iliyoloa na kukunjamana, alama hizo ndizo zinazotangulia kufutika. Kwa hiyo anahitajika mtu anayesoma solfa akae na Mwalimu, mmoja aimbe mstari, mwingine auandike, kisha waurudie pamoja kabla ya kwenda mstari unaofuata.

Dada wa Sauti ya Pili, saa 1:47 asubuhi
Nitakaa naye mimi, Katibu, hata kama itachukua Jumamosi zote hadi Krismasi. Nilikuwa darasa la tatu Mwalimu alipotusimulia habari za Enoch Sontonga, mwalimu na kiongozi wa kwaya wa Johannesburg, ambaye mwaka 1897 aliandika kwa solfa hii hii muziki ambao leo ni wimbo wetu wa Taifa. Alifariki mwaka 1905, miongo mingi kabla nchi yetu haijapata bendera yake. Mwalimu alisema hayo huku amelikumbatia daftari la jalada jekundu, na hadi leo kila Wimbo wa Taifa unapoanza mimi huliona daftari lile. Naomba mtu aniambie kama ni mojawapo ya yale mawili.

Katibu, saa 1:52 asubuhi
Ni mojawapo, mdogo wangu. Pole.

Baba wa Gungu, saa 6:30 mchana
Nimesoma yote nikiwa kazini na nimejizuia, lakini nitasema. Mwanangu alikuwa na miaka 13, na sare yake ilikuwa na wiki mbili tu tangu itoke kwa fundi. Mwalimu akamwambia mbele ya wenzake akae benchini, asiimbe. Alikaa benchini miezi mingi akiwatazama wenziwe, kisha akaacha kwenda, na hakuna mzazi hata mmoja katika kikundi hiki aliyefika kwangu kuuliza kulikoni. Leo mnanitaka nichangie madaftari. Sare ile ningali nayo.

Dada wa Sauti ya Pili, saa 6:44 mchana
Baba, uchungu wako ni wa haki na sitaupunguza. Naomba tu kueleza lililotokea, kwa kuwa nilikuwepo. Mvulana anapobalehe, wengi wao kati ya miaka 12 na 15, zoloto, kile kisanduku cha sauti kooni, hukua, nyuzi za sauti hurefuka na kunenepa, na sauti hushuka kiasi cha oktavo nzima. Katika miezi hiyo sauti hukatika bila taarifa, na mtoto akilazimishwa kupanda na sauti ya kwanza kama alivyozoea, huikamua koo na kuiumiza. Mwalimu alimpumzisha ili asiumie. Alipokosea ni kumwambia mbele ya wenzake na kutompa kazi nyingine, kwa sababu kwaya yetu haijawahi kuwa na mahali pa wavulana wa umri huo, na wako si wa kwanza kupotea hivyo.

Katibu, saa 6:51 mchana
Hilo tuliweke, tulizungumze siku yake. Naomba majina matatu ya Jumamosi. Dada ni wa kwanza. Nani wa pili?

Katibu, saa 9:15 alasiri
Nasubiri jina la pili. Naona watu 40 wameshasoma.

Bibi wa Ujiji, saa 11:40 jioni
Mjukuu wangu amenisomea yote, na sasa anaandika ninayoyatamka. Nimesikia mtakavyoyachukua madaftari, mtakavyoyanakili, na nani atashika nafasi. Sijasikia aliyesema amepita kwa Mwalimu kumpa pole. Mchwa wamekula usiku wake wa miaka mingi, nanyi mnahesabu yaliyobaki. Urithi hugawanywa mwenyewe akiwa amekwisha kuzikwa, na Mwalimu jana alikuja hapa barazani kwa miguu yake akanywa kahawa. Hakuniambia kwamba anaacha. Aliniambia amechoka kupaza sauti, na akanionyesha jinsi anavyowaongoza watoto kwa mikono siku hizi, ngumi ni do, kiganja kilicholala ni mi, kidole kinachoelekea juu ni ti, nao wanamfuata bila yeye kusema neno. Katibu, kuchoka na kuacha ni maneno mawili. Ulisikia lipi?

Nawe Baba wa Gungu, mwanao nilimsikia mwezi uliopita akinadi dagaa hapa sokoni Ujiji. Ana sauti nzito, nzima, haina mkwaruzo. Kaa ujiulize ni nani aliyeitunza.

Katibu, saa 2:25 usiku
Shikamoo Bibi. Nimekaa na simu mkononi tangu magharibi. Alisema, "Mwaka huu nitamaliza nanyi," na mimi nikausikia mwisho kwa kuwa niliuogopa. Nakuomba radhi, na Mwalimu nitamwomba mwenyewe. Napendekeza basi Jumamosi saa 4 asubuhi twende kumpa pole tu, na sukari na kahawa mkononi, na madaftari tusiyataje mpaka ayataje yeye.

Bibi wa Ujiji, saa 2:31 usiku
Marahaba. Nendeni.

Mjomba wa Stesheni, saa 2:40 usiku
Nilifanya mzaha asubuhi, sasa naongea kweli. Ninalo sanduku la bati lenye kufuli, halina kutu. Nitalileta pamoja na matofali manne ya kulikalisha juu, lisiguse sakafu wala ukuta. Akikubali kulipokea, hata mvua ikinyesha kesho madaftari yatakuwa salama wakati sisi tunangoja aseme.

Mama Mweka Hazina, saa 2:48 usiku
Sukari na kahawa nitanunua mimi. Ila bado sijajibiwa karatasi zitatoka wapi, na bado kuna watu wawili wanaojua kwamba deni la Tabora ni lao.

Dada wa Sauti ya Pili, saa 2:55 usiku
Nitakuja. Nitaacha kalamu nyumbani, ingawa moyo wangu unazihesabu siku zilizobaki kabla ya Novemba.

Baba wa Gungu, saa 4:10 usiku
Sijasema kwamba nitakuja. Nauliza tu, mwanangu akitaka kufuatana nanyi, atasimama wapi?

Katibu, saa 4:13 usiku
Baba, jibu la swali hilo sina. Aje, tumuulize Mwalimu pamoja.

Kaka wa Katonga, Ijumaa, saa 1:30 asubuhi
Mwakeye ndugu zangu. Ni kipindi cha giza, nilikuwa ziwani kwa dagaa usiku kucha na usiku uliotangulia, ndipo simu inapata mtandao sasa. Nami nataka kwenda kwa Mwalimu. Ni Jumamosi hii, au ile ijayo?