Dodoso la mahitaji ya wanafunzi chuoni: msaada au usumbufu?

Mpiga Msuli: Wakuu, chuo chetu (sikitaji, nisije nikaitwa) kimeweka dodoso kwenye mfumo wa usajili: unahitaji huduma gani, ushauri nasaha, afya, malazi? Usipojaza, huwezi kusajili masomo. Sasa anayejaza si keshalipa ada? Aliyekwama nyumbani nani anamuuliza? Na hamna swali hata moja la chakula. Mimi naona wangeanza kwa kuhesabu vitanda vinavyolaliwa na wawili wawili. Mnasemaje?

Mkongwe06: Chakula tena? Boom, hela ya kujikimu ya mkopo, limetoka shilingi 8,500 kwa siku hadi 10,000 na bado mnalia. Likiingia tu, vijana simu mpya, mabinti kope. Dodoso la nini?

Mamu: Kope zimeingiaje hapa, kaka? Kwa taarifa yako mkopo sikupangiwa hata senti. Kope nawabandika wenzangu vyumbani, ndizo zinazonilipia ada.

Mkongwe06: Sasa kama biashara inalipa, msaada wa nini?

Mamu: Soma vizuri. Nani kaomba?

Karani Mstaafu: Nimekaa ofisi ya mshauri wa wanafunzi miaka mingi. Mwenye shida haji mpaka azuiwe mlango wa chumba cha mtihani. Orodha ya wanaodaiwa ada mhasibu anayo tangu wiki za mwanzo, ila ofisi hizo mbili hazisemezani. Hapo ndipo pa kuanzia, dodoso baadaye.

Kiboko ya Bodi: Mkongwe, nyie mliosoma bure mna maneno sana.

Mkongwe06: Bure?? Niliingia 2006, Bodi ya Mikopo ina mwaka tu tangu ianze. Nimekatwa 8% ya mshahara kulipa mkopo, 2016 wakapandisha 15%. Usinichefue.

Kiboko ya Bodi: Si ilifutwa hiyo?

Mkongwe06: Iliyofutwa 2021 ni ile 6% waliyokuwa wanaongeza kwenye deni kutunza thamani ya mkopo. 15% ipo palepale, we subiri uajiriwe.

Mpiga Msuli: Jamani, dodoso.

Mwalimu wa Kata: Mkongwe, mwajiri wangu wa zamani alikuwa ananikata kila mwezi, nikiangalia deni halijapungua hata shilingi. Naanzia wapi?

Mkongwe06: Pole mwalimu. Kusanya salari slipu zote zinazoonyesha makato, usiache hata moja, nenda nazo Bodi. Njoo pembeni nikuelekeze.

Mamu: Kumbe ukitaka unasaidia watu.