Ugoko unauma na New York Marathon zimebaki siku 17, naombeni ushauri

Binti wa Mbulu
Wakuu habari za saa hizi. Niko New Jersey mwaka wa sita sasa, kazi yangu kulea wazee, mbio nilianza tu kupunguza mwili nikajikuta nimezipenda. Mwaka huu nimepata namba ya New York Marathon, inapigwa Jumapili ya kwanza ya Novemba, zimebaki siku 17. Shida ni ugoko wa kulia, unauma wiki mbili sasa. Jumamosi iliyopita nimekimbia kilomita 32 nikamaliza ila nachechemea. Naombeni anayejua dawa ya kuchua au ya kumeza itakayonivusha hizo 42, na je nifunge bendeji au niache? Hata chakula hakipiti.

Mzee wa Pasha
Hongera mdogo wangu! Hiyo mbio Mtanzania mwenzetu Juma Ikangaa aliichukua 1989 kwa saa 2:08:01, mimi niko darasa la sita, baba kasikia kwenye redio akazunguka mtaa mzima kuwaambia watu kama vile kashinda yeye. Sasa sikiliza, mnaanzia Staten Island na kitu cha kwanza ni daraja la Verrazzano, mlima kabla mwili haujapata moto. Usiwafuate watu pale. Kilomita ya 25 kuna Queensboro, daraja lingine, hamna mashabiki, unasikia viatu tu, ukishuka unakuta First Avenue kelele kama siku ya derby, hapo ndipo wengi wanajimaliza.

Kiatu Kimoja
Mafuta ya karafuu, chua usiku halafu funga kitambaa. Mimi kwenye mbio za Moshi, ile kupanda Mweka, mguu ulikataa kabisa, bibi mmoja pembeni ya barabara akanipa chai ya tangawizi, mpaka leo namkumbuka, nikikumbuka na jina lake nitakuja kulitaja.

Nesi Mstaafu
Kabla ya karafuu. Dada, ukibonyeza kwa kidole kimoja panauma sehemu moja ndogo au ugoko mzima? Usiku umelala unauma? Umepiga picha?

Binti wa Mbulu
Sehemu moja, kama ukubwa wa sarafu. Usiku kidogo. Asante kaka wa karafuu nitajaribu.

Nesi Mstaafu
La picha hujajibu.

Binti wa Mbulu
Nimepiga, MRI. Kuna ufa kwenye mfupa. Daktari kanipa buti la kuvaa kasema nisikimbie wiki nane. Lakini jamani nielewe. Namba yangu ni ya kuchangisha, nilitakiwa nifikishe dola 3,000 za shirika la watoto wagonjwa, na waliochanga ni Watanzania wenzangu wa group, watu wanaopiga shifti za usiku, mama naye kutoka Mbulu katuma elfu ishirini. Tisheti zimeshachapwa. Nitasemaje? Nimepanga nitembee nikimbie, nitembee nikimbie, dawa za maumivu nimeshanunua. Na mzee Akhwari, marathon ya Olimpiki Mexico 1968, goti limefungwa bendeji alimaliza, wa mwisho, na ndiye tunayemkumbuka. Huyo ni wa kwetu.

Nesi Mstaafu
Akhwari alianguka katikati ya mbio, hakwenda uwanjani na picha ya mfupa kwenye mkoba. Ufa ukiupigia kilomita 42 unaweza ukavunjika kabisa, hapo tunaongelea vyuma na miezi. Na hizo dawa, maumivu ndiyo breki yako, ukiyazima hutajua mfupa umefika wapi, tena ibuprofeni na mwili uliokaukiwa maji ni figo hizo. Wewe unanyanyua wazee, mguu ndio mshahara wako.

Mtumishi_K
Mwili ni hekalu binti yangu. Sifa za watu zimeangusha wengi.

Dogo wa Kinondoni
Dada panda treni ya chini utokee Central Park umalize kwa tabasamu 😂 ila Rosie Ruiz walimvua ushindi wa Boston 1980 kwa mambo ya kuingilia njiani, kwa hiyo usiende mbele sana.

Kiatu Kimoja
Bibi aliitwa Mama Eliya! Nimekumbuka.

Hakiki Kwanza
Naomba niwe mbaya. Hii chai. Post ya kwanza maumivu wiki mbili, na Jumamosi iliyopita kilomita 32. Ndani ya hizo wiki mbili kapata daktari, MRI na buti, Marekani hiyo hiyo tunayosikia foleni zake? Na mfupa wenye ufa ukakimbia 32? Subirini hapo chini ije namba ya kutuma mchango.

Dogo wa Kinondoni
Eh, na mimi nimeona. Binti njoo ujibu.

Mzee wa Pasha
Acheni hizo, mtoto wa watu ana shida. Ila mdogo wangu, hizo tarehe kweli hazikai.

Binti wa Mbulu
Siombi mchango wa mtu. Tarehe nimedanganya. Zile 32 nilikimbia wiki tano zilizopita, ndiyo siku mguu ulipoanza, picha nikapiga wiki ya tatu. Tangu hapo sijakimbia hata kilomita moja. Kwenye group nimekuwa naandika "leo 15, leo 20" kwa sababu wananiuliza kila Jumamosi. Buti navaa ndani tu nisionekane. Nilitaka mtu mmoja aniambie inawezekana.

Hakiki Kwanza
Sawa. Nisamehe dada.

Nesi Mstaafu
Haiwezekani, mama. Nakwambia kama ningemwambia wa kwangu. Ile pesa ishafika kwa wale watoto, hairudi kwa sababu hujakimbia. Kinachokuuma zaidi ni zile "leo 15, leo 20".

Mzee wa Pasha
Siku ya mbio nenda kasimame First Avenue na tisheti yako, ushangilie. Peleka na kiti.

Binti wa Mbulu
Nimewaandikia. Yote, na picha ya buti nimeweka. Tiki za bluu zinaongezeka tu hamna anayejibu.

Binti wa Mbulu
Mweka hazina katuma voice note ya dakika nne. Sijaifungua.

Nesi Mstaafu
Fungua.