Naomba ushauri: nina mkanda wa zamani wa Doctor Who, unanuka siki

SandukuBluu: Wakuu habari za usiku. Mimi Doctor Who, ile tamthilia ya BBC, nimeanza kuifuatilia kabla sijajua kusoma, enzi zile zimwi Dalek akitokea naziba macho, halafu nachungulia katikati ya vidole. Nimewaangalia waigizaji wote wa Doctor, kuanzia Hartnell wa kwanza mpaka Gatwa, na vile vipindi ambavyo picha zake zilipotea nimevisikiliza sauti tu, tena kwa kurudiarudia. Sasa nina mkanda mmoja wa filamu ya zamani. Uko ndani ya kikopo cha bati kinachoenea kiganjani. Nikifungua kifuniko inatoka harufu ya siki mpaka macho yanawasha. Swali langu ni moja tu: nikiupitisha kwenye projekta mara moja nione kilichomo, utaharibika? Nauliza kwa sababu usingizi sipati. Majibu ya kiungwana tafadhali.

NgojaNione: Naweka kambi hapa.

MzeeWaKanda: Usiupitishe. Narudia: usiuguse na projekta. Hiyo ni filamu ya asetati, aina ya plastiki, inayooza. Ikioza inatoa asidi ileile iliyomo kwenye siki, na asidi hiyo ndiyo inazidi kuiozesha. Mkanda unasinyaa, matundu ya pembeni hayakai tena kwenye meno ya mashine, ukiwasha unachanika huku unatazama. Uweke pakavu na penye baridi, na uutenge na filamu nyingine, maana mvuke wake unaambukiza. Usiufunge kwenye mfuko usiopitisha hewa. Halafu tafuta watu wenye skana inayokubali filamu iliyosinyaa. Ni kipindi gani?

BiTennant: Mimi Tennant alipoondoka, ile siku ya mwaka mpya 2010, nililia mpaka mume wangu akaja mbio akidhani nimepigiwa simu ya msiba. Alipoona ni televisheni akarudi kulala bila neno. Sijui kwa nini mnahangaika na mikanda, kila kitu siku hizi kipo mtandaoni.

MzeeWaKanda: Dada, si kila kitu. Ndiyo maana nauliza ni kipindi gani.

SandukuBluu: Shukrani mzee wangu kwa maelezo. Kipindi si muhimu sana, nilitaka tu kujua habari ya projekta.

MzeeWaKanda: Si muhimu kivipi? BBC walikuwa wanafuta kanda za miaka ya 60 ili wazirekodie mambo mengine, na filamu nyingi zikatupwa. Mpaka wanastuka, vipindi vingi sana vya Hartnell na Troughton aliyemfuata vimeshakwenda. Vilivyorudi, vingi ni nakala za filamu ya milimita 16 walizokuwa wakiviuzia vituo vya nje. Kwa hiyo mtu akija na kikopo kinachonuka siki, swali la kwanza ni "kipindi gani". La projekta linafuata.

Mgeni_77: Samahani kuingilia, mimi ni mgeni kabisa. Nianzie wapi kuangalia?

BiTennant: Anzia 2005, Eccleston. Usimsikilize mtu mwingine.

Fundi_Daftari: Anzia 1963 kama watu wazima.

SandukuBluu: Haya. Kikopo kimebandikwa karatasi, imeandikwa kwa kalamu "Marco Polo 4". Naomba tusipaniki.

NgojaNione: 😳 nimesimama wima

Fundi_Daftari: Kwa wasiojua, ngoja nieleze kidogo, maana hapa mtu anaweza kupita akidhani ni hadithi ya mfanyabiashara wa Venice. Marco Polo ilirushwa mwaka 1964, vipindi saba, hakuna hata kimoja kilichobaki. Sauti tunayo kwa sababu kuna watazamaji walioweka kinasa sauti mbele ya televisheni wakawaambia watu wa nyumbani wanyamaze. Zipo pia picha mnato zilizopigwa kutoka kwenye skrini, ambazo zimetusaidia kujua mapambo na mavazi yalivyokuwa. Lakini cha nne, The Wall of Lies, kiliongozwa na John Crockett badala ya Waris Hussein aliyeongoza vingine vyote, na hicho hata picha mnato hakina. Yaani kati ya vyote saba, mleta uzi kaangukia kilekile ambacho hatujakiona kwa namna yoyote ile.

Mtumishi_J: Kijana, kitu kilichopotea kikikuangukia mikononi, umepewa dhamana. Kirudishe kwa wenyewe upate amani ya moyo. Hayo mengine ni tamaa tu.

MzeeWaKanda: Kurudisha si kupoteza, mkuu. Haki ya kipindi ni ya BBC, lakini mkanda wenyewe unabaki mali ya aliyenao. Mara nyingi wanaazima, wanainakili, wanarudisha. Wapo wakusanyaji walioazimisha na mikanda yao wanayo mpaka leo. Sasa sema: umeutoa wapi?

SandukuBluu: Kwa mzee mmoja, marehemu. Ndiye aliyenifundisha kuipenda hii tamthilia. Alikuwa akinihadithia vipindi vilivyopotea kama vile alivitazama jana, mpaka namna Hartnell alivyokuwa akishika kola ya koti. Alipofariki, mama, mkewe, aliniita nisaidie kupanga chumba chake. Akanipa boksi.

Fundi_Daftari: Alikupa, au alikwambia ukalitupe?

SandukuBluu: Alisema "hizi takataka zako na mzee, kaziondoe". Mimi naona hiyo ni kupewa.

BiTennant: Mh.

Fundi_Daftari: Na anajua kilichomo?

SandukuBluu: Hajaniuliza. Na hata ningemweleza asingeelewa, hajawahi kukaa kutazama hata kipindi kimoja. Mtu asiyejua thamani ya kitu huwezi kusema umemnyang'anya. Mzee angekuwa hai angenipa mimi, hilo halina mjadala.

Mtumishi_J: Mjane, kijana. MJANE.

NgojaNione: Wakuu nina swali dogo tu. Jamaa aliuliza projekta "nione kilichomo". Mtu anayetaka kuhifadhi anauliza kuhusu skana. Anayetaka kuhakikisha mzigo ndiye anauliza kuhusu projekta. Kuna mteja?

SandukuBluu: Kuna mtu tumezungumza.

NgojaNione: Mmezungumza tu?

SandukuBluu: Ametuma advansi. Kabla hamjanirukia nisikilizeni. Ni shabiki mwenzetu, anakusanya toka zamani, ana chumba maalumu chenye ubaridi. Atautunza kuliko mimi. Sharti lake ni moja tu, usinakiliwe na usitangazwe. Na mimi nitauona kabla ya kuukabidhi, hilo nimeshaliweka wazi.

Fundi_Daftari: Ndugu yangu. Mwaka 2013 filamu za vipindi tisa zilitangazwa kupatikana kutoka kituo cha televisheni huko Jos, Nigeria. Hadithi ya The Enemy of the World ikarudi yote, na ya The Web of Fear ikabaki imepungukiwa kimoja tu. Watu waliokuwa watoto mwaka 1968 wakaangalia tena wakiwa na wajukuu pembeni. Wewe unataka cha kwako kiingie kwenye friji ya mtu mmoja? Huyo mzee wako alikuwa anakuhadithia kwa sababu gani, kama si kwamba alitamani mwingine naye aone?

SandukuBluu: Usimwingize mzee. Wewe hukumjua.

Hesabu_Kwanza: Naomba kupita na rula yangu. Nimesoma uzi wote na nina neno moja: chai. Mleta uzi kasema kikopo "kinaenea kiganjani". Kipindi kimoja cha wakati ule ni dakika 25 hivi. Filamu ya milimita 16 kwa kasi ya televisheni ya Uingereza inakula karibu mita 11 na nusu kwa dakika. Piga hesabu: karibu mita 285. Gurudumu lake ni pana kama sinia, halikai kiganjani hata uwe na mkono wa Cyberman, lile jitu la chuma. Kikopo cha kiganjani kinabeba mita 30, yaani chini ya dakika tatu. Uvumi wa Marco Polo tumeusikia miaka nenda rudi. Huyu kasoma, kaokota kipindi kisicho na picha ili asibanwe kwa picha, kaongeza mzee na mjane tuone huruma.

NgojaNione: Kambi naivunja taratibu…

BiTennant: Mimi niliona mapema. Mtu haendi kuuza dhahabu halafu anakuja kuuliza siki.

Mtumishi_J: Hata kama ni ya kutunga, ujumbe umefika.

SandukuBluu: Sijatunga kitu. Nilieleza kikopo kilivyo, hesabu sikuijua. Ningekuwa natunga ningesema ni kikubwa.

MzeeWaKanda: Hapo ana hoja. Hesabu, wewe umeanza na milimita 16, yeye hakutaja upana popote. Kulikuwa na mashabiki nje ya Uingereza waliosimamisha kamera ya milimita 8 mbele ya televisheni wakarekodi vipande, bila sauti. Vipande vya namna hiyo vipo na vimetumika, vingine ni sekunde chache tu. Kikopo cha kiganjani kinaendana na hilo, na siki pia, maana hizo nazo huwa za asetati. SandukuBluu, chukua rula upime upana wa mkanda. Usiukunjue, pima ncha tu.

SandukuBluu: Nimepima. Ni nane.

MzeeWaKanda: Basi huna kipindi. Una dakika chache, pengine, za mtu aliyerekodi skrini yake. Na kama kweli ni Marco Polo inayotembea, hata sekunde kumi hakuna shabiki atakayezikataa. Lakini si alichonunua mtu wako.

SandukuBluu: Mimi nilimwambia ni Marco Polo ya nne. Neno "nzima" sikulitamka. Ukinunua kitu cha zamani unauliza mwenyewe.

Fundi_Daftari: Sasa umehama kutoka kwa mjane umeenda kwa mnunuzi 😂

Mtumishi_J: Rudisha advansi leo usiku.

SandukuBluu: Advansi imeshatumika, nina mambo yangu. Ijumaa anakuja, tutaelewana.

MzeeWaKanda: Kabla ya Ijumaa mpigie mama. Mwulize jambo moja: mzee aliwahi kuwa na kamera ya filamu? Kama alikuwa nayo, inawezekana alichokuwa akikuhadithia alikirekodi mwenyewe, na hiyo karatasi aliiandika kwa mkono wake. Hapo utajua unauza nini.

SandukuBluu: Mwandiko ni wake.

Hesabu_Kwanza: Hadithi inazidi kunoga, na bado hatujaona kitu. Ncha ya mkanda, rula pembeni, mwanga wa dirishani. Picha moja tu.

SandukuBluu: Nimekubaliana na mnunuzi nisiweke picha.

Hesabu_Kwanza: Bila shaka.

Mgeni_77: Nimeanza ya 2005 kama alivyosema dada. Huyu mwenye masikio makubwa ndiye Doctor?

BiTennant: Ndiye. Usimzoee.