Mrejesho: kaktasi na euforbia, jinsi ya kuzitofautisha

Niliuliza namna ya kutofautisha euforbia (mimea ya jamii ya mnyaa) za asili ya Afrika na kaktasi za Amerika zinazofanana nazo kwa shina nene lenye migongo (matuta marefu). Asanteni sana kwa majibu. Haya ndiyo yaliyofanya kazi.

Anzeni na miiba. Kwenye kaktasi, miiba huchomoza kwenye kivimbe kidogo chenye manyoya kama pamba, na vivimbe hivyo hujipanga juu ya mgongo wa shina. Euforbia haina kivimbe hicho. Miiba yake mara nyingi huwa miwili miwili. Alama hii ndiyo ninayoiamini zaidi, kwa sababu huonekana hata mmea usipochanua.

Utomvu mweupe huashiria euforbia, lakini usiwe kipimo pekee: baadhi ya kaktasi za jenasi ya Mammillaria nazo hutoa maziwa. Chomeni kwa ncha ya sindano tu, mkiwa mmevaa glavu na miwani. Utomvu wa euforbia huunguza macho vibaya. Ukiingia, osheni kwa maji mengi kwa angalau dakika 15 na mwone daktari.

Maua yakiwepo, kazi imeisha: ya kaktasi mara nyingi ni makubwa yenye petali nyingi, ya euforbia kwa kawaida ni madogo, mara nyingi ya manjano-kijani.

Tahadhari moja: si kila euforbia ni ya Afrika. Euphorbia lactea, kwa mfano, asili yake ni Asia. Basi tambueni spishi kabla ya kung'oa mmea wowote, na vipande vya mpungate (aina ya kaktasi) msivitupe kwenye mboji, maana huota mizizi upya.