Hilux ya chanjo: friji hujizima usiku, na waya chini ya kiti umeyeyuka

Daktari wa mifugo, Longido

Habari za kazi, ndugu zangu. Ninaomba msaada wa wanaofahamu umeme wa magari. Nina Hilux ya dizeli ya milango minne, yenye betri moja ya volti 12, ambayo huitumia kupeleka chanjo za mifugo katika maboma ya Longido na Monduli, na safari moja huweza kuchukua siku tatu au nne. Chanjo zangu hazina budi kukaa kati ya nyuzijoto 2 na 8, kwa hiyo mwaka jana nilinunua friji ya kompresa inayotumia umeme wa gari, nikamwomba fundi aifungie soketi nyuma kwenye bodi. Siku hiyohiyo alinifungia taa ndefu ya LED ya wati 120 mbele, pamoja na taa mbili za wati 18 nyuma, kwa sababu ng'ombe wengi tunawachanja alfajiri kabla hawajaenda malishoni.

Sasa friji hujizima kabla ya usiku wa manane na kuonyesha alama ya betri iliyoisha, ilhali asubuhi gari linawaka bila shida. Jambo lililonitisha zaidi ni harufu ya plastiki inayoungua niliyoisikia wiki iliyopita. Nilipoinua kiti cha nyuma nilikuta waya unaokwenda kwenye bodi umeyeyuka ganda kwa urefu wa kiganja, na nilipoifungua fyuzi yake nilikuta imezungushiwa karatasi ya fedha ya paketi ya sigara. Je, ninunue betri kubwa zaidi, niongeze betri ya pili, au tatizo liko kwenye nyaya?

Fundi rewaya, Arusha

Pole sana, daktari, na ushukuru kwamba ulikuwa macho. Waya huo usiurudishe kabisa, hata kwa kuufunga tepu.

Kazi ya fyuzi ni kuulinda waya, na ndiyo maana ukubwa wake hupangwa kwa kufuata unene wa waya unaoanzia kwenye betri, wala si kwa kufuata kifaa kilicho mwishoni. Friji yako na zile taa mbili za nyuma, vyote kwa pamoja, havifiki ampea 9, na mzigo huo peke yake hauwezi kuyeyusha ganda la waya. Kilichotokea, kwa maoni yangu, ni kwamba waya umesuguliwa na chuma mahali fulani hadi ukawa unagusa bodi kila gari linaporuka shimo. Fyuzi ilikuwa ikikatika kwa haki, na aliyeweka karatasi ya fedha aliinyamazisha badala ya kuitafuta shoti. Tafuta mahali palipochubuka kabla ya kununua chochote.

Kuhusu friji, usinunue betri kwanza. Chukua mita ya kupimia umeme, uiache friji ikifanya kazi huku injini imezimwa, kisha upime volti kwenye nguzo za betri na baadaye kwenye soketi ya friji. Vipimo hivyo lazima vichukuliwe wakati kompresa inazunguka, kwa kuwa waya usio na mzigo huonyesha volti kamili hata kama umebakiwa na uzi mmoja. Halafu pima upande mmojammoja: ncha moja ya mita kwenye nguzo chanya ya betri na nyingine kwenye chanya ya soketi, kisha ufanye vivyo hivyo kwa upande wa ethi, yaani upande hasi ambao umeme hurudi nao kwenye betri. Namba utakazopata ndizo volti zinazopotea njiani, na zitakuonyesha ni upande upi wenye ugonjwa.

Utakapovuta waya mpya, tumia waya wa magari wenye nyuzi nyingi nyembamba, wa milimita za mraba 6. Waya wa nyumba wenye nyuzi chache nene hukatika ndani kwa ndani kwa sababu ya mtikisiko wa barabara za vumbi. Kwangua ncha yake kwa kisu kabla ya kulipa, maana kuna nyaya za aluminiamu zilizopakwa shaba juu tu, na ndani utaona weupe. Weka fyuzi ya ampea 30, ile ya kijani, ndani ya sentimita 20 kutoka kwenye betri, kwa kuwa kipande kilicho kati ya betri na fyuzi hakina mlinzi.

Taa ya mbele huvuta takribani ampea 10, nawe usiipitishe kwenye swichi ya dashibodi moja kwa moja. Ipitishe kwenye rilei, yaani swichi inayowashwa kwa umeme mdogo ili ipitishe umeme mkubwa: pini ya 30 ipokee umeme wa betri kupitia fyuzi ya ampea 15, ya 87 iende kwenye taa, ya 86 ipokee amri ya swichi na ya 85 iende ethi. Swichi itabeba sehemu ndogo tu ya ampea moja. Ukitaka taa hiyo iwake pamoja na fulu, mwambie fundi apime kwanza, kwa sababu katika baadhi ya Toyota taa kubwa huwashwa kwa upande wa ethi, na rilei iliyofungwa kwa mazoea haitaitika.

Dereva wa watalii, Karatu

Ninaunga mkono karibu yote aliyoyasema fundi, ila nataka kuongeza habari ya betri, kwa kuwa nimelala porini na friji miaka mingi. Kompresa ya namna hiyo huvuta takribani ampea 5 inapozunguka, na katika joto huweza kuzunguka nusu ya muda wote. Kwa saa 12 hesabu inafika ampea-saa 30. Betri ya kuwashia gari ya ampea-saa 70 haipendi kushuka chini ya nusu, kwa hiyo usiku mmoja utavuka, lakini ukikaa boma moja siku mbili bila kuwasha injini utakwama, wewe pamoja na chanjo. Kwa kazi yako betri ya pili si anasa, hata baada ya kurekebisha nyaya.

Iunganishe kwa rilei inayosoma volti, ambayo huziunganisha betri mbili altaneta inapochaji, kwa kawaida volti zikifika karibu 13.3, na kuzitenganisha zikishuka karibu na 12.8. Kumbuka kuweka fyuzi pande zote mbili za waya unaoziunganisha, kwa sababu kila upande una umeme wake. Watu wengi huweka moja tu, nami nimeona gari lililoungua kwa kosa hilo.

Daktari wa mifugo, Longido

Ninawashukuru sana. Nimefuata maelekezo ya fundi neno kwa neno. Waya ulikuwa umebanwa na mguu wa kiti, na shaba ilikuwa wazi kabisa pale ulipogusa boliti. Nimeweka waya wa muda ili nipime: kwenye betri nimepata volti 12.5, na kwenye friji 11.3. Upande chanya unapoteza 0.4 na upande wa ethi 0.8. Je, ni kawaida ethi kupoteza zaidi?

Fundi rewaya, Arusha

Si kawaida, na hapo ndipo friji yako inapozimikia. Fungua skrubu ya ethi kwenye bodi. Nina hakika utakuta imefungwa juu ya rangi, na kutu imeanza chini yake. Bodi ya pikapu pia haifai kutegemewa kwa ethi, kwa sababu imekaa juu ya chasisi kwa boliti zenye mipira na kutu. Vuta waya wa ethi wa unene uleule hadi kwenye chasisi, ukwangue hadi chuma king'ae, ukaze, kisha upake grisi juu yake. Waya wa milimita za mraba 6, hata ukiwa mita sita kwenda na sita kurudi, kwa ampea 5 utapoteza chini ya volti 0.2 kwa jumla. Pale unapopita chini ya kiti na penye matundu ya bati, uvalishe bomba la plastiki na mpira wa tundu.

Daktari wa mifugo, Longido

Rangi na kutu, kama ulivyosema. Nimemaliza jana jioni, na friji imeonyesha 12.3 kompresa ikizunguka. Asubuhi ya leo saa kumi na mbili ilikuwa bado inafanya kazi, na kipimajoto cha ndani kilisoma nyuzijoto 4. Betri ya pili nitaifunga kabla ya safari ya mwisho wa mwezi, na fyuzi zake mbili nimekwisha kuzinunua.